Kuwashindanisha Walinda Mlango Vijana: Maelezo kwa Kamati, Makocha na Wazazi

Kila zikaribiapo likizo za shule, wakati ambapo viwanja vya mitaa huanza kupigwa mistari kwa ajili ya mashindano ya vijana, suali moja hunirudia kutoka kwa walimu wa michezo, wazee wa kamati na wazazi, nalo huulizwa kwa maneno mbalimbali lakini maana yake haibadiliki: tumpateje mlinda mlango bora bila ya kugombana? Mfungaji bora hana ikhtilafu, kwa kuwa mabao yake yamehesabiwa mbele ya halaiki. Lakini mlinda mlango huchaguliwa kwa minong'ono, na aghalabu tuzo humwangukia kijana wa timu bingwa, ambaye pengine katika fainali nzima aligusa mpira mara mbili tu, maana mabeki wake walikuwa hodari, hali mwenziwe wa timu iliyotolewa siku ya kwanza aliokoa hatari moja baada ya nyingine akarudi nyumbani bila ya kukumbukwa na mtu.

Dhulma hii si ya mitaa yetu peke yake. Tuzo ya Ballon d'Or ya wanaume, iliyoanza kutolewa mwaka 1956, imepata kuchukuliwa na mlinda mlango mmoja tu, Lev Yashin wa Umoja wa Kisovieti, mwaka 1963. Na katika Kombe la Dunia ilibidi kungojwa hadi 1994 ndipo ikawekwa tuzo rasmi ya mlinda mlango, iliyoitwa kwa jina la Yashin huyo huyo, kabla ya kubadilishwa jina mwaka 2010 ikawa Glavu ya Dhahabu.

Njia iliyo karibu na insafu, kwa rai yangu, ni kuwatengea walinda mlango shindano lao wenyewe ndani ya mashindano, ambamo kila kijana hupewa mipira ile ile, kutoka mahali pale pale, na mtu yule yule, kisha hupewa alama kwa masharti yaliyoandikwa kabla. Shindano hilo sharti lipime kazi ya mlinda mlango, wala si mbwembwe zake. Mengi yanayofuata hapa yametoka katika sharti hilo moja, na kamati itakayolisahau itajikuta imeandaa tamasha la kuruka.

Penalti peke yake hazitoshi

Kamati nyingi, zikitaka wepesi, humweka kijana langoni, zikamwita mshambuliaji hodari, zikahesabu penalti alizookoa. Ni rahisi, ni tamu kwa watazamaji, na haimpimi mlinda mlango hata kidogo. Mpira umewekwa mita 11, lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na kanuni yamtaka kipa awe na walau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari au nyuma yake wakati mpira upigwapo. Penalti iliyopigwa sawasawa kwenye pembe haina mwenyewe, na iliyookolewa mara nyingi ni ile iliyopigwa vibaya. Basi anayepimwa hapo ni mpigaji. Kumchagua mlinda mlango kwa penalti ni sawa na kumpima nahodha wa jahazi kwa kumtazama akishuka gatini.

Utasema, "Lakini watu huja kwa ajili ya penalti." Kweli, na wala usiwanyime. Ziweke mwishoni kabisa, baada ya alama zote kuandikwa, ziwe burudani tu isiyobadilisha daftari.

Maandalio ya kabla ya siku

Jambo la kwanza ni umri. Gawanya vijana katika makundi, mathalan chini ya miaka 12, chini ya 15 na chini ya 18, na utake cheti cha kuzaliwa au daftari la shule wiki moja kabla, kwa sababu ugomvi wa umri ukizuka uwanjani hauzimiki. Wasichana wawe na kundi lao na tuzo yao iliyo sawa na ya wavulana. Hili halihitaji hoja.

La pili ni lango. Mtoto wa miaka 10 aliyesimamishwa katika lango la watu wazima hawezi kuugusa mtambaapanya hata akiruka, na kumpigia mpira wa juu ni kumwaibisha bure. Huko Uingereza vijana wachezao tisa kwa tisa hutumia lango la mita 4.88 kwa 2.13, na kipimo hicho chafaa kwa kundi letu la chini. Kama huna lango dogo, punguza lile kubwa: weka alama laini chini ndani ya nguzo, na ufunge ukanda wa kitambaa chepesi chini ya mtambaapanya kwa kimo kinachotakiwa. Kitambaa kiwe cha kukatika upesi. Kamba ya katani au waya usitumie kamwe.

Vifaa ni vichache:

- Mipira minane ya aina moja, iliyojazwa upepo sawasawa. Mpira namba 5 una mzingo wa sentimeta 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Walio chini ya miaka 12 wapewe namba 4.
- Pampu na sindano yake, maana mpira ulionywea humdanganya mlinda mlango kuliko mpira mzito.
- Alama za kuweka chini. Asiye na koni atumie makumbi ya nazi au chupa za plastiki zilizotiwa mchanga kidogo. Makopo ya bati, mawe na matofali yasionekane uwanjani.
- Jozi mbili tatu za glavu za kuazimana, kubwa na ndogo, kwa ajili ya wasio nazo.
- Saa, kipenga, daftari lililokwisha kupigwa mistari, na kalamu zaidi ya moja.
- Maji safi ya kunywa, na mengine ya kuoshea jeraha, pamoja na kitambaa na barafu kama inapatikana.

Nataka nikawie kidogo hapa juu ya hatari, kwa sababu mlinda mlango ndiye mchezaji pekee ambaye kazi yake ni kujitupa chini kwa makusudi.

Goli la kuhamishika lisilofungwa ardhini laweza kuua. Si maneno ya kutishana. Watoto wamekufa katika nchi nyingi kwa kuangukiwa na goli walilokuwa wakiliyumbia, na ndiyo maana sheria za mchezo zinataka magoli yawe imara. Kwa hiyo miguu ya nyuma ya goli ishikizwe kwa vigingi au kwa magunia ya mchanga, na atangaziwe kila mtoto kwamba mtambaapanya haushikwi wala hauning'iniwi. Magoli ya miti yakaguliwe misumari. Ndoano za chuma za kushikia nyavu zigeuzwe au zifungwe kitambaa, na pete, saa na bangili zivuliwe zote kabla ya kuingia, kwa kuwa pete ikinasa katika ndoano mtoto akiwa anashuka, kidole hakitabaki salama.

Tena kuna chokaa. Viwanja vyetu vingi hupigwa mistari kwa chokaa, na chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na kupofusha macho. Hata ile iliyozimwa huwasha vikali. Mlinda mlango uso wake uko karibu na mstari huo siku nzima. Eneo la mbele ya lango lipigwe mistari kwa utepe uliochomekwa ardhini au kwa chaki, na kama chokaa imekwisha kumwagwa, ifagiliwe. Ikimwingia mtoto machoni, aoshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali, asifikichwe.

Mwisho, watu wazima wapange mstari mmoja wapite eneo lote la kuangukia wakiokota vipande vya chupa, mawe na miiba. Penye ardhi ngumu, mwaga mchanga laini mbele ya goli, au ruhusu suruali ndefu na mikono mirefu.

Vituo vinne, alama sitini

Nimeona kamati zikiweka vituo saba na nane, kimoja cha mbio, kingine cha kuruka kamba, hata watoto wakachoka kabla ya kudaka mpira wa kwanza. Vinne vyatosha. Kila mtoto apewe mipira miwili ya kujaribu katika kila kituo, isiyohesabiwa, ili wa kwanza kuitwa asiwe kafara ya wenziwe.

*Kituo cha kwanza: kudaka (mipira 10, alama 20).* Hiki ndicho msingi, na ndiyo sababu nimekipa alama nyingi kuliko vyote. Mtupaji asimame mita 11 kwa wakubwa, mita 8 kwa wadogo, naye atupe kwa mkono, asipige kwa mguu. Makocha wengi hulipinga hili wakidai kwamba si hali ya mchezo. Ni kweli, si hali ya mchezo; lakini shuti la mguu halirudiwi mara mbili lilivyo, wala hakuna mpigaji awezaye kuwapa watoto 12 mashuti yaliyo sawa, bali mkono wa mtu mzima aliyejizoeza waweza kukaribia usawa huo. Mipira mitatu iende chini, mitatu kifuani, miwili juu ya kichwa, mmoja kulia na mmoja kushoto. Alama 2 kwa mpira ulioshikwa ukatulia. 1 kwa uliopanguliwa ukatoka pembeni au juu. 0 kwa bao, na 0 vile vile kwa mpira uliotemwa mbele ya lango, kwa kuwa katika mchezo huo humkuta mshambuliaji.

Waamuzi watazame mikono. Katika mpira wa juu vidole gumba hukaribiana nyuma ya mpira. Katika mpira wa chini vidole huelekea ardhini, vidole vya mwisho vikikaribiana, na mwili huwa nyuma ya mikono kama kizuizi cha pili. Hakuna alama ya ziada kwa kujirusha. Kijana aliyepiga hatua mbili akaudaka mpira akiwa amesimama amefanya kazi bora kuliko aliyechelewa kusogea kisha akaruka kwa madaha, na pengine makofi yatamwendea yule wa pili. Daftari lisiyafuate makofi.

*Kituo cha pili: krosi (mipira 6, alama 12).* Mitatu kutoka kulia, mitatu kutoka kushoto, ikitupwa juu kuangukia kati ya mstari wa lango na alama ya penalti. Alama 2 kwa kudaka, 1 kwa kupiga ngumi mpira ukaenda mbali na nje ya njia ya lango, 0 kwa kukosa. Kijana asiyeita "Yangu!" kwa sauti kabla ya kutoka apunguziwe alama 1 katika mpira huo. Watoto huona haya kupaza sauti mbele ya watu, lakini mlinda mlango bubu huwagonganisha mabeki wake, basi afadhali haya hiyo imtoke hapa. Asiwekwe mshambuliaji wa kuruka naye. Kwa walio chini ya 18 waweza kumsimamisha mtu mmoja asiyeruka, ili njia isiwe nyeupe kabisa, na zaidi ya hapo usithubutu.

*Kituo cha tatu: kutoka langoni (mipira 6, alama 12).* Hiki hakihitaji mtambaapanya, kwa hiyo chaweza kuwekwa nje ya uwanja kati ya alama mbili laini. Kijana aanze juu ya mstari wa lango. Mtupaji, akiwa mita 16, auvingirishe mpira kuelekea langoni. Mita 6 mbele ya lango kuna utepe. Alama 2 akiufikia na kuulalia kabla haujavuka utepe, 1 akiuzuia baada ya utepe, 0 ukipita. Mwendo wa mpira ubadilishwe bila ya kutabirika, lakini kwa mpango ule ule kwa watoto wote. Hapa anapimwa uamuzi: nani hutoka mara moja, na nani husita katikati ya njia, jambo lililo baya kuliko kutoka na kuliko kubaki. Mshambuliaji wa kukimbilia mpira asiwepo, maana mguu wa mmoja na kichwa cha mwingine vikikutana, shindano limekwisha. Kijana afundishwe kulalia mpira kwa ubavu, mikono ikitangulia, wala si kutanguliza uso.

*Kituo cha nne: kugawa mpira (mipira 8, alama 16).* Tangu 1992, kanuni ilipomkataza kipa kuushika kwa mkono mpira aliopigiwa kwa makusudi na mguu wa mwenziwe, mlinda mlango asiyejua kutumia miguu amekuwa mzigo. Weka malango madogo ya upana wa mita 3: moja mita 12 la kuvingirishia, jingine mita 20 la kurushia, na la tatu mita 28 la kupigia kwa mguu; kwa wadogo, mita 8, 12 na 18. Mipira miwili ivingirishwe, miwili irushwe, minne ipigwe kwa mguu kutoka chini baada ya kurudishiwa pasi. Alama 2 ukipita katikati, 1 ukipita kando kwa umbali usiozidi mita moja.

Katika ile minne ya mkono, mpe sekunde 8 tangu aushike. Sheria mpya iliyoanza msimu wa 2025 na 2026 inamhukumu kipa azuiaye mpira mikononi zaidi ya sekunde hizo kwa kona, na mwamuzi huzihesabu 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa ili aone. Vijana wengi bado wameishika ile hesabu ya zamani ya sekunde 6, ambayo waamuzi hawakuwa wakiitimiza, na mahali pa kuwazoeza hii ya sasa ni hapa.

Kwa wakati, watoto 12 waliogawanywa watatu watatu katika vituo vinne, kila mmoja akichukua kadiri ya dakika 3, na dakika chache za kubadilishana, watamaliza kama saa moja. Wakizidi 20, fanya siku mbili.

Mtupaji na waamuzi

Mtupaji ndiye roho ya shindano, na wengi humchagua dakika ya mwisho. Awe mtu mzima asiye kocha wala mzazi wa yeyote aliyemo, awe amejizoeza kutupa kwenye kamba iliyofungwa kwa kimo cha kifua, na awe mmoja tu katika kila kituo kwa kundi zima la umri. Akichoka, apumzike, asibadilishwe. Mpango wa mipira uandikwe katika kadi iliyoko kwa mwamuzi, wala watoto wasiujue.

Mpira uliotupwa vibaya hurudiwa, lakini hapa ndipo hila huingilia. Mwamuzi anatakiwa kuita "Rudia!" mpira ungali hewani, kabla hajajua kama mtoto ataudaka au ataukosa; akingoja matokeo kwanza, huruma na upendeleo vitaamua badala yake.

Kila kituo, mbali na mtupaji, kiwe na watu wawili, mmoja wa kutamka alama na mmoja karani wa kuandika. Mtoto akimaliza, kocha wake aitwe palepale atie sahihi. Malalamiko yasikilizwe hadi mtoto anayefuata apokee mpira wake wa kwanza. Baada ya hapo mlango umefungwa. Sharti hili laonekana kali, lakini limezuia ugomvi mwingi wa jioni.

Wakilingana kwa jumla, tazama alama za kudaka, kisha za kugawa mpira. Wakilingana na hapo, kwa walio chini ya miaka 12 ni aula wagawane tuzo. Kwa wakubwa, rudieni mipira mitano ya kituo cha kwanza.

Siku yenyewe

Shindano lifanywe kabla ya mechi za siku hiyo, au siku isiyo na mechi. Kuliweka baada ya mechi ni kumpima aliyechoka na aliyepumzika kwa mizani moja, kwa kuwa kipa wa timu dhaifu ndiye aliyefanya kazi nyingi zaidi.

Anza asubuhi mapema au baada ya alasiri. Jua la utosi liepukwe. Kama uwanja umelala mashariki na magharibi, lango la kudakia lichaguliwe lile ambalo kijana hapigwi na jua usoni. Pwani kuna upepo: kaskazi na kusi hazimchagui mtu, ila huvuma kwa nguvu zaidi kadiri siku inavyosonga, na aliyedaka krosi saa mbili hakupata kazi ile ile ya aliyezidaka saa tano. Ndiyo sababu kundi moja la umri sharti limalize kituo cha pili kwa mfululizo. Mvua ikinyesha katikati ya kituo, kifutwe na kurudiwa kwa wote.

Mashindano yakiangukia mwezi wa Ramadhani, kumrusharusha chini mtoto aliyefunga mchana kutwa si jambo la busara. Yahamishieni usiku baada ya futari kama uwanja una taa, au yangoje mfungo umalizike.

Wote wapashe mwili moto kwa pamoja dakika 15, pamoja na kuzoea kuanguka kutoka katika hali ya kupiga magoti, kisha kuchuchumaa, kisha kusimama. Wanaongoja wakae kivulini wakinywa maji.

Mtangazaji apewe onyo lake. Kosa la mshambuliaji husahauliwa kabla mpira haujarudi uwanjani, lakini la kipa huonekana na kila mtu, na mtangazaji mwenye kipaza sauti akilifanyia mzaha, mtoto wa miaka 11 hulala nalo. Atangaze jina, shule na alama, basi.

Akiumia

- Aliyegonga kichwa atolewe, na siku hiyo asirudi hata akiapa kwamba ni mzima. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida au kichwa kikizidi kumuuma, ni hospitali bila ya ajizi.
- Kidole kilichopindika au kuvimba kisivutwe. Desturi ya kukivuta "kirudi mahali pake" imewaharibia wengi viungo. Kiwekewe barafu iliyofungwa katika kitambaa, kifungwe pamoja na kidole jirani, kipelekwe kwa mganga wa hospitali.
- Uvimbe mpya usikandwe kwa maji ya moto siku ya kwanza.
- Mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni, hata ukiwa mdogo.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Kuchanganya alama za shindano na idadi ya mabao aliyofungwa kijana katika mechi. Mabao hayo ni hesabu ya timu nzima.
- Kumwalika mfungaji mashuhuri wa mtaa apige mashuti "kidogo tu". Hakuna kidogo kwake mbele ya watu.
- Kuwapa alama za mtindo, mavazi au glavu za fahari.
- Kubadilisha masharti katikati kwa kuwa mtoto wa mgeni rasmi yuko nyuma.
- Kutoa fedha. Tuzo nzuri ni glavu na mpira, maana aliyeshinda atavitumia kesho. Mwambieni tu azioshe glavu kwa maji ya uvuguvugu na kuzianika kivulini, kwa sababu jua hulikausha povu la kiganjani likapasuka.

Kwa mzazi na kocha

Watu huniuliza, "Mwanangu ni mfupi, nimpeleke?" Mpeleke. Juma Kaseja, aliyelinda lango la Simba, la Yanga na la Taifa Stars, hakuwa mtu wa kimo kirefu, na alidumu langoni miaka mingi kwa sababu alijua pa kusimama. Urefu hauongezwi kwa mazoezi, lakini hatua ya kwanza huongezwa.

Wengine huuliza mtoto ajiandae kwa muda gani. Wiki mbili zinatosha kumzoesha vituo hivi, ikiwa kila siku atadaka mipira mingi ya karibu, kwa mkono, ukutani au kwa ndugu yake, na kupiga pasi kwa miguu yote miwili. Kuruka kuwe kwa uchache na juu ya mchanga. Siku mbili za mwisho apumzishe mabega na viganja. Na wewe mzazi, siku hiyo kaa mbali na goli. Mtoto anayesikia maelekezo ya baba yake nyuma ya nyavu na ya kocha wake pembeni hutazama pande mbili, na mpira huja kwa upande wa tatu.

Kamati yenye mipira minane, watu wazima waaminifu wa kutosha na uwanja uliokwisha kufagiliwa yaweza kuanza likizo ijayo. Nakilini masharti ya vituo na alama kama yalivyo au myageuze yafae uwanja wenu, lakini yabandikeni mlangoni mwa shule siku saba kabla, pamoja na majina ya watupaji, na mkisha kuyabandika msiyaguse tena.